Meza Iliyotangulia Televisheni

Meza ilikuja kabla ya televisheni. Niliichongesha kwa fundi seremala wa hapa hapa Magomeni, Kilosa, kwa mbao za mninga, ina droo mbili chini za kuwekea waya na rimoti, na juu yake nafasi iliyopimwa kwa futi kamba kwa ajili ya TV ya inchi thelathini na mbili. Nilimwonya fundi asizidishe wala asipunguze. Mimi ni mwalimu wa fizikia na vipimo ndiyo kazi yangu. Ikaletwa kwa mkokoteni, ikawekwa mahali pa heshima sebuleni, mke wangu akaifuta vumbi, akatandaza kitambaa alichokifuma mwenyewe, kisha akauliza TV yenyewe inakuja lini.

"Mwezi ujao," nikamjibu.

Nilimaanisha. Kilichoniponza ni kusoma. Ningekuwa mtu wa kuingia dukani na kunyoosha kidole, kama mdogo wangu aliyeko Mikumi, haya yote yasingetokea. Lakini mimi nilifungua simu nitazame kwanza ipi ni nzuri, na nilipoinua kichwa ilikuwa imepita miaka miwili.

Inabidi nijitetee kidogo, nisije nikaonekana bahili. Miaka mingi nyuma niliwahi kununua TV, ile ya kichogo, nzito kama gunia la mpunga, na niliileta nyumbani kwa majivuno ninayoyakumbuka mpaka leo. Hakuna aliyeniambia kwamba mitambo ya zamani ilikuwa mbioni kuzimwa. Ilipozimwa, TV yangu ikabaki kuonyesha chenga tupu. Nikanunua king'amuzi. Baada ya muda nikaambiwa king'amuzi chenyewe ni cha mfumo uliopitwa, wenzangu wameshahamia mwingine. Kwenye ofisi ya walimu nilitaniwa muhula mzima, eti mwalimu wa fizikia kanunua banda la kuku. Na kweli mwishowe niliitoa uani, na tetea mmoja wa mke wangu akaenda kutamia nyuma ya kichogo kile. Nikaapa kwamba safari ijayo sitanunua kitu ambacho mwaka unaofuata kitakuwa cha kuchekwa.

Sasa mfikirie mtu mwenye kiapo cha namna hiyo akiingia kwenye habari za picha za siku hizi. Kwanza kulikuwa na HD, nikaridhika nayo. Nikasoma kwamba HD imezeeka, watu wako kwenye 4K, yenye nukta nyingi mara nne. Nikahamia 4K. Nikasoma tena kwamba nukta si hoja, hoja ni HDR, yaani namna TV inavyoweza kuonyesha mwanga mkali na giza nene kwenye picha ile ile. Haya, nikasema, basi HDR. Kumbe HDR zenyewe ziko kambi tatu. Ya kwanza ni ya bure na karibu kila TV mpya inayo, lakini inapanga mwanga mara moja tu kwa filamu nzima. Ya pili inapanga kila tukio peke yake, ila mwenye nayo anawatoza watengenezaji. Ya tatu ilibuniwa na wapinzani wa ya pili ili wasitozwe. TV inayokubali ya pili mara nyingi inaikataa ya tatu, na inayokubali ya tatu haitaki hata kuisikia ya pili. Hakuna aliyejua kambi ipi itashinda, na mimi nilikuwa nimeshawahi kukaa upande wa walioshindwa.

"Tusubiri kidogo," nilimwambia mke wangu, "mambo yatulie."

Kadiri nilivyosubiri, ndivyo inchi zilivyoongezeka kichwani mwangu, maana 4K kwenye inchi thelathini na mbili ni kupoteza tu, jicho haliioni. Nikafika arobaini na tatu. Halafu hamsini. Halafu hamsini na tano. Meza ilibaki pale pale na kitambaa chake, juu tupu, na kila mgeni aliyeingia macho yake yalikwenda hapo kwanza.

Ndipo jirani akahamia.

Ni mjane, wa rika la mke wangu, na ukoo wake ni wa Wasukuma waliokuja na ng'ombe na majembe kutoka Kanda ya Ziwa wakalowea huko mabondeni. Yeye alichoka na mashamba, akapanga chumba na sebule katika nyumba inayogusana ukuta na yangu, akaanza kuuza mchele na dagaa. Mimi ni Mkaguru, kwetu ni upande wa Berega, na sisi na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipokuwa wakipita huku na mizigo kichwani. Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Kumbe bado mpo," akasema. "Nilisikia Wakaguru mliisha."

"Tulipungua tu, tukikimbia harufu ya dagaa wenu," nikamjibu, na utani ukaanzia hapo.

Alikuja na TV. Ilikuwa ya inchi thelathini na mbili, HD ya kawaida, ya chapa ambayo sikuwahi kuikuta popote katika kusoma kwangu kote, na antena iliyofungwa juu ya mti wa mwanzi. Aliiweka juu ya kreti la soda. Jioni iliyofuata, saa moja na nusu, ikaanza tamthilia, moja ya zile za nje zinazotiwa sauti za Kiswahili. Mke wangu akajifunga kanga, akasema anakwenda kumsalimu jirani mara moja. Hakurudi mpaka ilipokwisha. Kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa hakuaga hata kidogo.

Naomba nieleweke. Kabla ya hapo saa ile ilikuwa yetu. Mimi nasahihisha madaftari, yeye anachambua mchele kwenye ungo na kunisimulia ya sokoni na ya kwaya, akiiga sauti ya kila mtu. Ana kipaji hicho. Hucheka kwa kuficha mdomo na ncha ya kanga, mabega yakitikisika, na mimi nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kicheko kile nakijua peke yangu. Sasa nilikuwa nakisikia kupitia ukutani, kalamu nyekundu mkononi, kikitoka kwa ajili ya mtu mwingine. Niliona wivu. Sisemi nilikwazika wala nilisononeka. Niliona wivu, ule wa mtu aliyeibiwa, na mwizi anamjua, na kila asubuhi wanasalimiana. Nilichokitaka ni kimoja tu, mke wangu arudi kukaa sebuleni kwangu saa moja na nusu.

Akirudi, alirudi na watu wengi kichwani ambao mimi sikuwajua.

"Daktari kamwacha mkewe," anasema huku akinipakulia wali.

"Daktari gani?"

"Ah, huwezi kumjua," anajibu, na anaendelea kupakua.

Nikamwambia picha ya jirani ni mbovu. Nyuso za watu ni nyekundu kama nyanya, na giza lake si giza, ni kijivu. Nilikuwa nimeichungulia dirishani nikipita, nakiri. Akaniuliza hiyo TV yangu ya kambi tatu itamwonyesha kwa daktari kitu gani ambacho kwa jirani hakionekani. Nikafurahi kuulizwa. Nikaanza kumweleza habari za nukta, na za mwanga, na za tukio moja moja, na nilipogeuka kumwangalia alikuwa ameshasinzia.

Mtani alikuja kuichukua meza siku ya Jumamosi, mchana kweupe, akiwa na wanawake wawili wa kumsaidia kubeba. Mimi nilikuwa shuleni na kidato cha nne. Mke wangu alikuwepo, na hakuzuia. Alicheka mpaka akakaa chini, ndivyo alivyonieleza mwenyewe. Niliporudi nilikuta sakafuni alama nne za miguu ya meza, na kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya kiti.

Nilitoka bila kuvua viatu vya kazi. Nilimkuta anapima dagaa kwenye kopo.

"Mtani, meza yangu iko wapi?"

"Meza gani?" akasema. "Mimi nimechukua jeneza. Miaka miwili linasubiri maiti sebuleni, mkeo anaogopa hata kulala."

"Irudishe."

"Nitairudisha siku utakayoleta TV. Kabla ya hapo ni yangu, na sheria unaijua."

Sheria ninaijua. Mtani akichukua kitu chako kwa utani, hukasiriki, sembuse kumnyang'anya. Unacheka, unavumilia, unangoja siku yako ya kumlipizia. Watani huingia mpaka msibani wakakaa njiani na kuzuia maiti isipite mpaka wapewe chochote, na wafiwa wenyewe wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nami nilitakiwa nicheke. Lakini kupitia bega lake niliiona meza yangu ya mninga, na juu yake TV yake imekaa katikati kama iliyopimiwa. Na kweli ilipimiwa, inchi thelathini na mbili kamili, haikuzidi wala haikupungua. Fundi hakukosea hata kidogo.

Jioni ile nilimsikia mke wangu akicheka mbele ya meza yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo wazee wa hapa wananichekea mpaka leo. Nilikwenda kushtaki. Nilimfuata balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mzaliwa wa hapa hapa Kilosa, nikamkuta ndiyo kwanza ametoka kuswali alasiri, anavaa viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kuna nini?"

Nikamweleza kwa mpangilio, kama ripoti ya maabara: meza, siku, saa, waliobeba, aliyeshuhudia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mama ni nani wako?"

"Ni jirani."

"Ni mtani wako au si mtani wako?"

"Ni mtani," nikasema, sauti imeshuka.

"Na umekuja kumshtaki."

Akainamia viatu vyake, nikadhani anapima maneno. Kumbe alikuwa anajizuia asicheke. Alipoweza kusema akanihukumu pale pale: jogoo mmoja, apelekwe kwa mtani, na nimpeleke mimi mwenyewe kwa mkono wangu, jua likiwaka, watu wakiona. Mtu anayeshtaki utani, alisema, kesho ataleta mashtaka ya mvua.

Nilikuwa na jogoo mwekundu niliyeletewa kutoka kwetu Berega. Nikampeleka huyo. Mtani alimpokea kwa vigelegele na mtaa mzima ukatoka kuangalia mwalimu anavyolipa faini. Jioni jogoo akaliwa kwa jirani, mbele ya tamthilia, na mke wangu alikuwa mmoja wa walaji. Mimi nililetewa bakuli lililofunikwa kwa kitambaa safi. Ndani mlikuwa na mchuzi na shingo.

Shingo ile ndiyo iliyoninunulisha TV. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mikumi kwa mdogo wangu. Ana gesti pembezoni mwa barabara kuu ya Iringa, malori yanaegeshwa mbele yake mstari mzima, na vyumba vyake vyote vina TV alizonunua bila kusoma hata ukurasa mmoja. Huwaagiza madereva wanaopita kama anayeagiza viazi, nao humletea kutoka Dar wanachokikuta. Naye namwonea wivu, niseme ukweli, na sikuanza jana. Tangu utotoni ni mtu ambaye vitu vinamkubali. Yeye haogopi kukosea, na kwa sababu hiyo hata akikosea hajui kama amekosea.

Nilikuwa na flashi yenye filamu fupi ya ndege wa rangi. Nikapita chumba kwa chumba, wageni wakiwa wametoka, nikichomeka na kuandika kwenye daftari. Chumba cha pili, kambi ya kwanza peke yake. Chumba cha tano, kambi ya tatu. Chumba cha sita kilikuwa na kambi ya pili, na pale nilikaa kitandani nikayaangalia manyoya ya ndege yule mpaka nikasahau nilichokuja kufanya. Giza lake lilikuwa giza kweli. Nikawaza mke wangu akiliona giza lile hatakwenda tena kwa jirani, na nilikuwa na hakika na hilo kama nilivyo na hakika kwamba jiwe likiachwa linaanguka.

"Shikamoo kaka, bado hujamaliza ukaguzi?" Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mwenye chumba amerudi."

"Marahaba. Hii ni ya mfumo gani, unajua?"

"Ya kuangalia," akasema.

Sikununua ya chumba cha sita. Kusoma kwangu kulinisaidia walau mara hiyo, kwani nilikuwa nimegundua kwamba siku hizi zipo TV chache zinazokubali kambi zote tatu. Nani atashinda na nani atashindwa, hilo halikunihusu tena. Nikaagiza moja, inchi hamsini na tano, kwa dereva wa mdogo wangu, na nikaweka intaneti nyumbani, kwa sababu picha ya namna ile haiji kwa antena. Hata tamthilia ya mke wangu, nilihakikisha, ingekuja kwa njia hiyo hiyo ya intaneti, bila chenga hata moja. Ilipofika Mikumi nilikwenda kuichukua mwenyewe. Nilichagua kanta, lori dogo lililobeba magodoro, nikaisimamisha TV katikati ya magodoro, na njia nzima mpaka Kilosa nilikaa nimeikumbatia.

Mtani ni mtu wa neno lake. Kabla hata sijakata kamba za boksi alikuwa ameshafika na meza yangu, na wale wanawake wake wawili, wanaimba. Mke wangu akatandaza kitambaa upya. Tukainyanyua TV watu wanne na kuiweka.

Haikukaa. TV za siku hizi miguu yake ni miwili tu, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile, na meza ilikuwa fupi kwa karibu shibiri upande huu na karibu shibiri upande ule. Tukaishikilia hewani. Mtani aliinama akachungulia mguu mmoja unavyoning'inia, kisha akachungulia wa pili.

"Mtani," akasema polepole, "maiti imekuwa ndefu kuliko jeneza."

Hata mimi nilicheka, ilinishinda. Mke wangu alicheka kwa kanga yake mdomoni, mabega yakitikisika, pale pale sebuleni kwangu, na kwa dakika ile nilikuwa mtu mwenye furaha. Meza ikarudi kwa jirani, maana ndiko kuliko na TV inayoienea. Yangu fundi aliifunga ukutani kwa bolti, kwenye ukuta ule ule tunaopakana.

Saa moja na nusu mke wangu alikaa kando yangu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, sikumuuliza kwa nini. Nikawasha. Kwa mara ya kwanza nikamwona daktari, mtu niliyemsikia kwa miezi mingi, kumbe ni kijana tu, na ngozi yake ilikuwa ngozi, si nyanya.

"Picha nzuri," mke wangu akasema. "Kweli, baba, ni nzuri."

Daktari alikuwa anapanda ngazi. Ghafla upande wa pili wa ukuta wakapiga ukelele, wanawake wote kwa pamoja, kisha wakaangua kicheko. Kwetu daktari bado anapanda ngazi. Mke wangu akageuza sikio.

Hilo sikulisoma popote, au nililisoma nikaliruka. Antena inadaka mawimbi moja kwa moja kutoka kwenye mnara. Picha ya intaneti inazunguka kwanza, inabanwa, inahifadhiwa, inapangwa, ndipo inakuja, na inapokuja imechelewa karibu nusu dakika. Kwa mtani mambo yalikuwa yanatokea. Kwetu yalikuwa yanaletwa yakiwa yameshatokea.

"Wenzetu wameshaona," akasema.

"Na sisi tutaona."

Tukaona. Daktari akafungua mlango, na nyuma ya mlango alikuwepo mkewe. Mke wangu akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa jambo analolijua. Mimi sikuwa naangalia TV tena, nilikuwa namwangalia yeye.

Ng'ambo wakacheka tena, safari hii kwa muda mrefu, na sauti ya mtani ikasikika ikisema neno ambalo hatukulidaka, na kicheko kikapanda zaidi. Mke wangu akanyoosha mkono akachukua rimoti. Nikafurahi, nikajua anataka kuongeza sauti ili tusiwasikie. Akapunguza. Akapunguza mpaka daktari akabaki anafungua na kufunga mdomo bila sauti, kisha akasogeza kiti chake karibu na ukuta.